Samaki wa Maarifa na Ngano za Buhaya

Katika elimu ya kulinganisha ngano kuna desturi iliyozoeleka hata imekuwa kama sheria. Mtafiti huchukua kisa mashuhuri cha nchi moja, hukivua mavazi yake yote mpaka ibaki mifupa mitupu, kisha huichukua mifupa hiyo mpaka nchi ya pili kutafuta iliyo mfano wake. Akiipata, husema kwamba akili za wanadamu ni moja; asipoipata, hudhani kwamba nchi ile ya pili imepungukiwa, au kwamba wazee wake wamesahau. Ni mara chache sana kuulizwa kama kisa kile cha kwanza kilisomwa sawasawa kabla ya kuvuliwa mavazi.

Makala haya yaipima desturi hiyo kwa kisa kimoja na nchi moja. Kisa ni kile cha samaki wa maarifa wa Ayalandi. Nchi ni Buhaya, katika wilaya za Bukoba na Muleba, Mkoa wa Kagera. Buhaya imechaguliwa kwa sababu ndiyo hasa inayomshawishi mlinganishaji. Ni nchi ya ziwa kubwa na visiwa, Bumbire, Ikuza, Goziba na Musira. Ni nchi yenye mzimu mkuu wa maji. Tena ni nchi ya washairi wa enanga. Mtu aliyekwisha kusoma habari za Ayalandi huona kama kwamba yote yako tayari, na amepungua samaki tu. Neno litakalojaribiwa kuthibitishwa ni hili: samaki huyo hana haja ya kutafutwa, kwa kuwa hata Ayalandi si yeye aliye kiini cha kisa, na kilicho kiini chake hasa kinapatikana Buhaya, lakini mahali pengine kabisa, nje ya maji.

Yafaa kwanza kukisimulia kisa kama kilivyoandikwa, si kama kinavyosimuliwa katika vitabu vya watoto. Kimo katika masimulizi ya Kiayalandi yaitwayo Macgnímartha Finn, maana yake Matendo ya Utotoni ya Finn, ambayo wataalamu huyahesabu kuwa ya karne ya 12. Yamehifadhiwa katika mswada wa Laud 610, uliomo katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, na mwaka 1904 Kuno Meyer aliyatoa kwa tafsiri ya Kiingereza. Kijana aitwaye Demne, ambaye baba yake Cumall ameuawa na maadui, anakwenda kwa mshairi Finnéces, akaaye ukingoni mwa mto Boyne, ili ajifunze ushairi. Haendi kwa kupenda elimu tu. Anakwenda kwa sababu maadui wa baba yake wanamwinda, na hawezi kukaa salama mpaka awe mshairi. Mwalimu naye amekaa hapo miaka 7 akimngoja samoni wa kidimbwi cha Féc, kwa kuwa ilikuwa imetabiriwa kwamba yeye ndiye atakayemla, na kwamba akiisha kumla hapatakuwa na jambo lililofichika kwake. Samaki anavuliwa. Kijana anaamriwa kumpika, na kukatazwa asimle. Anapomwandalia mwalimu, anaulizwa kama amekula. Anajibu kwamba hakula, ila aliunguza kidole gumba akakitia kinywani. Ndipo mwalimu anapomwuliza jina. Kijana ajibu kwamba ni Demne. Mwalimu amwambia kwamba jina lake ni Finn, na kwamba samaki amepewa yeye. Kisha kijana anamla samaki yule.

Mambo matatu katika masimulizi hayo hupotea kila mara kisa kinapofupishwa. La kwanza ni jina. Mwalimu mwenyewe aitwa Finnéces, na ndani ya jina lake limo neno finn, lenye maana ya mweupe au mwenye kung'aa, na sehemu ya pili ni neno la mshairi au mwonaji. Mtu aliyesikia utabiri uliomtaja Finn angeweza kabisa kudhani kwamba ndiye yeye. Amekaa miaka 7 akiamini tafsiri ya jina, na kwa jibu moja la mtoto atambua kwamba aliitafsiri vibaya. La pili ni kwamba maarifa hayakumjia kijana kwa kidole peke yake. Kidole kilionyesha tu ni nani mwenye haki; baada ya hapo mwalimu alimtoa samaki mzima, na kijana alimla kwa idhini. La tatu ni kwamba kisa hakikuisha kwa kula. Kijana alijifunza aina tatu za sanaa zilizomfanya mtu kuwa mshairi kamili, nazo ziliitwa teinm láida, imbas forosnai na díchetal di chennaib, kisha akatunga shairi la kusifu mwezi wa Mei ili kuonyesha ujuzi wake. Maana yake, maarifa yale yalipimwa kwa kazi ya ulimi, kama mwanafunzi yeyote apimwavyo.

Kuhusu asili ya maarifa ya samaki mwenyewe, masimulizi hayo hayasemi neno. Habari ya miti ya heizeli iliyodondosha kokwa zake katika kisima, na samoni waliokula kokwa hizo, yatoka katika fungu jingine la maandishi ya kale ya Ayalandi, lile la Dindshenchas, ambalo hueleza asili ya majina ya mahali. Huko kisima si mahali pa neema peke yake. Mwanamke aitwaye Sinann alikiendea kutafuta maarifa akafa maji, na kutoka kwake ukapata jina mto Shannon. Mwingine, Bóand, alikizunguka kisima kilichokatazwa, maji yakafoka, yakamvunja viungo, yakamfuata mpaka baharini, na hayo ndiyo yaliyokuwa mto Boyne. Basi mto uleule alipokaa Finnéces kumngoja samaki ulizaliwa kwa mtu aliyetaka kujua akaumia. Masimulizi ya baadaye yaliyounganisha kokwa, samoni na kidole katika kisa kimoja kitamu yameuficha ukali huo, na mlinganishaji anayeanzia hapo anaanzia kwenye ngano iliyokwisha kulainishwa.

Sasa yatazamwe yaliyofanywa na walinganishaji. Katika orodha kubwa ya motifu ya Stith Thompson, iliyotolewa mara ya kwanza miaka ya 1932 hadi 1936 na kusahihishwa kuanzia mwaka 1955, jambo hili limewekwa chini ya namba B162.1, yaani maarifa yasiyo ya kawaida yapatikanayo kwa kula samaki wa ajabu. Hekima itokayo kwa nyoka ina namba yake nyingine. Kwa mwenye kutafuta kitabu katika maktaba mpangilio huo ni msaada mkubwa. Lakini orodha imegawanywa kwa kufuata mnyama anayeliwa, na kwa sababu hiyo yatenga visa ambavyo kwa undani ni ndugu.

Mfano ulio karibu kabisa na wasomaji wa Kiswahili ni hadithi ya Hasibu Karimu Dini na Mfalme wa Nyoka, kama ilivyosimuliwa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870, na tena kwa Kiingereza na George W. Bateman huko Chicago mwaka 1901. Asili yake ni kisa cha Malkia wa Nyoka katika Alfu Lela Ulela, lakini pwani imekifanya chake. Hasibu, mwana wa tabibu mkuu aliyekufa, analazimishwa na waziri kuonyesha alipo Mfalme wa Nyoka, kwa kuwa nyama yake ndiyo dawa ya sultani aliye mgonjwa. Nyoka, akijua kwamba atapikwa, amwusia Hasibu: povu la kwanza asilinywe, bali alitie katika chupa, la pili alinywe, naye atakuwa tabibu kama baba yake, la tatu ndilo dawa ya sultani. Waziri atakapouliza kama amelinywa la kwanza, aseme kwamba amelinywa, kisha ampe ile chupa kana kwamba ni la pili. Waziri anakunywa na kufa.

Tuseme samaki na nyoka wawekwe kando. Kinachobaki ni mkubwa anayetaka maarifa ya chungu, mdogo aliyewekwa jikoni, swali la mkubwa kuhusu kuonja, jibu la mdogo, na maarifa kumwendea mdogo. Ni kisa kilekile. Hata hivyo katika sehemu moja visa hivi viwili vinapingana kama mchana na usiku: Demne anasema kweli, na kwa kweli hiyo mwalimu anampa, Hasibu anasema uongo aliofundishwa, na kwa uongo huo waziri anaangamia. Waingizwe na wengine wawili wanaotajwa siku zote pamoja na Finn. Katika masimulizi ya Skandinavia Sigurd anaoka moyo wa joka Fafnir kwa ajili ya mlezi wake Regin, anaunguza kidole, anaanza kuelewa lugha ya ndege, nao wanamwambia kwamba Regin atamsaliti, anamwua. Katika masimulizi ya Wales kijana Gwion anakoroga chungu cha Ceridwen, matone matatu yanamwangukia kidoleni, na Ceridwen anamfukuza katika maumbo mbalimbali mpaka anammeza. Basi katika visa vinne, mara mbili mdogo anamwua mkubwa, mara moja mkubwa anammeza mdogo, na mara moja tu, huko Boyne, mkubwa anapokea hasara yake na kutoa kwa mkono wake kitu alichokingoja miaka 7.

Hapo ndipo kilipo kiini. Kisa cha Finn kina ajabu kwa sababu ya mwalimu kuliko kwa sababu ya samaki. Samaki wa hekima, nyoka wa hekima na moyo wa hekima ni wengi duniani. Mwenye hekima anayeuliza, akajibiwa kweli, akakubali kwamba zamu si yake, ndiye adimu. Orodha ya motifu haina namba ya mtu huyu, na kwa hiyo mlinganishaji akifika Bukoba na namba B162.1 mkononi, tayari amekwisha kuliacha nyuma jambo alilopaswa kulitafuta.

Hata hivyo, na afuatwe njia yake, aonekane atafika wapi. Swali la kwanza litakuwa la mfasiri: samoni ni samaki gani kwa msomaji wa Muleba? Samoni si samaki wa Ziwa Viktoria. Neno samoni lenyewe laweza kuandikwa kwa Kiswahili, lakini halina mto wala msimu kichwani mwa msikilizaji. Tabia iliyompa samoni heshima ni kuishi katika maji mawili, kuondoka baharini na kupanda mto hadi alikozaliwa ili azae. Ziwani yuko samaki aliye na safari ya namna hiyo, naye ni ningu, ambaye huondoka ziwani wakati wa mafuriko na kupanda mito, Mto Kagera ukiwa mmojawapo, ili kutaga mayai. Mavuno yake yalianguka vibaya katikati ya karne ya 20, hasa kwa sababu ya nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito wakati wa safari hiyo. Kwa elimu ya viumbe, basi, ningu ndiye mwenzi wa samoni. Mfasiri mwingine, akitaka samaki anayejulikana na kila mtoto, atamchagua sangara. Lakini sangara aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawala samaki wengi wadogo wa asili, na minofu yake husafirishwa nchi za mbali huku mapanki yakibaki kwa wenyeji. Kumpa huyu maarifa ya kale ni kumvika mgeni wa jana kilemba cha babu.

Ningu angefaa zaidi, lakini hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Kufanana kwa safari ya samaki si kufanana kwa ngano. Mfasiri anayeandika kwamba kijana alimpika ningu amefanya kazi halali ya kufasiri. Mtafiti anayekwenda kijijini, akauliza kama wazee wana hadithi ya ningu mwenye hekima, akaendelea kuuliza mpaka mzee mmoja kwa adabu akakubali, amefanya jambo jingine: ameipanda mbegu na kuivuna siku hiyohiyo. Wazee wa Buhaya, kama wazee wa kwingineko, humstahi mgeni. Na jibu la kumstahi mgeni likiisha kuchapishwa huwa ushahidi, na baada ya miaka 30 huwa mila. Hili si jambo dogo katika nchi ambayo ngano zake nyingi bado hazijaandikwa. Ngano ya uongo iliyoandikwa huishi kuliko ngano ya kweli isiyoandikwa.

Tena, pande za ziwa hili samaki mwenye heshima aweza kuwa na kazi iliyo kinyume kabisa cha ile ya samoni. Katika Buganda, jirani wa Buhaya, ukoo mkubwa wa Mmamba una kamongo kuwa ndiye mzimu wa ukoo, na mzimu wa ukoo haliwi na wenye ukoo wake. Buhaya nako kila ukoo una muziro wake, na sheria ni ileile: kinachoheshimiwa huepukwa. Mwayalandi wa kisa anapata maarifa kwa kukitia kitu kitakatifu kinywani. Mtu wa ukoo anaonyesha kwamba anajijua kwa kutokitia kinywani. Mlinganishaji anayetafuta samaki anayeliwa apate hekima katika nchi ya namna hii anatafuta mlango ukutani upande usiokuwa na mlango.

Je, si Mugasha basi? Mugasha ni mzimu wa ziwa, wa dhoruba, wa wavuvi na wasafiri wa majini, na ni mmoja wa wale mashujaa wa kale wanaohesabiwa pamoja na Wamara, Irungu, Kagoro na Ryangombe. Buganda humwita Mukasa, na makao yake makuu yalikuwa Bubembe katika visiwa vya Sese. Lakini Mugasha hutoa au huzuia maji, upepo na samaki. Hapikwi wala haonjwi. Hata katika mapokeo ya Wamara na Kintu, ambayo kwa mbali yanakaribia habari za kupata kitu kutoka ulimwengu wa chini, kinachopatikana si maarifa. Wamara na wenziwe wanakwenda kwa Kintu, wanapewa ng'ombe na mbegu, na wanakuwa na deni. Deni halilipwi, na Rufu, yaani Kifo, anakuja kulidai. Huo ni mkataba, wala si karamu. Mwenye kutaka kuulinganisha na Boyne angefaa kuulinganisha na kisima cha Bóand, ambapo maji yanadai malipo, kuliko na chungu cha Finnéces.

Baada ya milango hiyo kufungwa, upo mmoja uliokuwa wazi siku zote. Mwaka 1980 Peter Seitel alitoa kitabu cha ngano za Wahaya, naye akakipa jina kutokana na maneno ya wasikilizaji wanapofunguliwa hadithi. Msimulizi hutangaza kwamba yuko tayari kwa hadithi, na wasikilizaji humjibu kwa maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa: ona, ili nasi tuone. Maneno haya mafupi yana nadharia nzima ya maarifa. Msimulizi hakuitwa aseme, aliitwa aone. Kuona kwake si mali yake. Wasikilizaji wamemtuma, na atakachokiona ni chao. Kama maarifa ya samoni ni chakula kinachomtosha mmoja, maarifa ya ngano ya Kihaya ni taa: anayeishika ni mmoja, lakini haiwezekani amulikiwe yeye peke yake.

Tofauti hiyo yaonekana kubwa, na mlinganishaji mwepesi angeishia hapo, akaandika kwamba Ayalandi ni nchi ya maarifa ya siri na Buhaya ni nchi ya maarifa ya wote. Lugha zenyewe zamkataza. Neno la Kiayalandi la maarifa, ambalo kwa umbo la kumilikisha limo katika jina la samaki huyo, bradán feasa, ni fios. Nalo latoka katika mzizi wa kale wa lugha za Kihindi-Kizungu wenye maana ya kuona na kujua kwa pamoja. Hata jina finn wako wanaisimu wanaolihusisha na mzizi huo. Na katika zile sanaa tatu, imbas forosnai maana yake ni maarifa yanayomulika. Basi chini ya samaki, chini ya kidole, neno la Kiayalandi nalo lasema kuona.

Kwa upande wa Kibantu mambo yako vivyo hivyo, ila yanahitaji kuangaliwa kwa makini. Kihaya kina kubona na kumanya. Kiswahili kina kuona, mzizi uleule wa kubona, na kumanya limebaki katika mashairi ya kale na lahaja za kaskazini, mahali pake pa kawaida pamechukuliwa na kujua. Mswahili husema naona akiwa na maana ya nafikiri, wala hakuna anayemwuliza ni kwa jicho gani. Lakini anapotaka kutaja kitu alichopata Finn, Mswahili hufungua sanduku la Kiarabu: hekima, maarifa, elimu. Kila moja lina mwelekeo wake. Elimu hupatikana kwa kufundishwa, na haifai kwa samaki. Maarifa ni kutambua, na yanafaa kwa tukio la kidole. Hekima ni la mizizi ya hukumu na ya uganga pia, maana katika Kiarabu hakim ni mwenye hekima na ni tabibu. Ndiyo sababu katika Alfu Lela Ulela moyo wa Hasibu unajazwa hekima, na katika masimulizi ya Unguja anakuwa tabibu kama baba yake: si kwamba msimulizi wa Unguja alipunguza, bali neno lenyewe lilikuwa na milango miwili, naye aliingia kwa mmoja. Mfasiri anayemwita samaki wa Boyne samaki wa hekima anampeleka karibu na Hasibu na dawa. Anayemwita samaki wa maarifa anamwacha karibu na kuona. Kwa sababu zilizotajwa, la pili ndilo lililo sahihi zaidi, na ndilo lililotumiwa katika makala haya.

Imebaki kumtafuta Finnéces wa Buhaya, maana ndiye aliyekuwa kiini. Hayuko ziwani, yuko katika enanga. Ala hiyo, yenye umbo la mtumbwi mdogo wa mti, ambayo uzi wake hupitishwa mara saba au nane kutoka ncha hata ncha, ndiyo iliyobeba tenzi za Rukiza, Kachwenyanja na Mugasha. Malenga wake walilishwa na kuheshimiwa katika nyumba za watawala, Ihangiro, ambayo sasa ni Muleba, na Kyamutwara, upande wa Bukoba. Mamlaka ya watawala hao yalipofutwa kisheria mwaka 1963, jiko la malenga lilizimwa, ingawa malenga wenyewe waliendelea kupiga na kuimba. M. M. Mulokozi, aliyezikusanya na kuzichambua tenzi hizi na kuwatetea malenga hao kuwa ni watunzi wa tenzi za kishujaa, aliandika mwaka 1997 habari za Habibu Selemani, aliyezaliwa yapata mwaka 1929 na kufariki mwaka 1993, naye katika jina la makala yake akamwita wa mwisho wa malenga.

Neno hilo, wa mwisho, ndilo linalopaswa kusomwa pamoja na kisa cha Boyne. Finnéces hakuwa wa mwisho. Hakuwa wa mwisho kwa sababu siku samaki alipovuliwa, alikuwapo kijana wa kuuwasha moto. Utabiri ulimdanganya mwalimu kuhusu nafsi yake, lakini haukuipoteza sanaa, maana alikuwa na mtu wa kumwuliza: umekula? Angekuwa peke yake ukingoni, angemla samaki, angejua kila kitu, na angekufa nacho. Ukisomwa hivyo, utabiri haukukosea hata kidogo; ulitaka samaki aliwe na Finn, na ukamleta mwanafunzi kabla ya kumleta samaki.

Basi swali ambalo kisa cha Ayalandi chalipeleka Bukoba na Muleba si kama Wahaya wana samaki wa maarifa. Ni kama malenga aliyebaki, na msimulizi aliyebaki, ana mtu jikoni. Watafiti wamefanya kazi ya kusifiwa ya kurekodi, na bila kazi hiyo tusingekuwa na Rukiza wala Kachwenyanja mkononi. Lakini rekodi ni samaki aliyekaushwa: humsaidia aliye mbali, lakini hamwunguzi mtu kidole. Sanaa ya enanga ilipita kutoka mkono hadi mkono kwa kukaa pamoja, kwa kuonywa na kwa kukosea mbele ya mwenye kujua, na chuo kinachotaka kuihifadhi hakina budi kutafuta mwanafunzi kwa bidii ileile kinayotumia kutafuta maandishi, na kumpa mwanafunzi huyo chakula chake na miaka yake, kama watawala wa zamani walivyompa malenga.

Kuhusu elimu ya kulinganisha, funzo ni jepesi kulitaja, ingawa ni zito kulifuata. Kisa kisomwe chote kabla ya kupewa namba. Kinachosafiri kutoka nchi hadi nchi mara nyingi si mnyama wala chungu, bali ni uhusiano wa watu wawili, mkubwa na mdogo, na neno linalopita kati yao. Na mtafiti akifika katika nchi ngeni asiingie na samaki wake kapuni akitafuta wa kufanana naye. Akae kwanza na wasikilizaji, angoje msimulizi aanze, na aitikie kama wanavyoitikia wenye nchi, akimwomba aone, ili naye aone.